Rejime ya Ndizi

Baba yangu alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na alijivunia Kifaransa chake kiasi cha kutomuuliza mtu neno mara mbili. Daktari alipomwambia kwamba mama ana ugonjwa wa sukari, na kwamba kidonda cha mguuni hakitapona bila régime, alikubali mara moja, "Bien sûr, docteur," akavaa kofia yake, wakatoka yeye na mama.

Kwetu Katuba, rejime ni mkungu wa ndizi. Baba akaununua mkubwa, akaubeba begani kutoka sokoni, akauning'iniza jikoni.

"Mama, docteur alisema utakula rejime," alimwambia mkewe. "Bukari, uache kwanza."

Mama akaacha ugali, akala ndizi asubuhi, mchana na jioni, wiki mbili nzima. Mimi nilikuwa nasoma chuoni Kasapa, nikilala huko. Niliporudi Jumamosi moja nilikuta mkungu wa pili umebaki vichane viwili, na kidole kimoja cha mguu wa mama kimekuwa cheusi.

Nilimfokea baba mbele yake, nusu Kifaransa, makusudi, ili imwume.

"Papa, régime haiko ndizi! C'est du sucre, ça! Ile njo sukari!"

Baba alivua kofia akaishika mikononi, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wa kazi. Mpaka leo naona haya.

Kisha nikaisoma karatasi ya daktari, mpango wa chakula ambao ndio régime yenyewe: bukari kidogo, samaki, mayai, mboga nyingi. Nikaenda sokoni kwa kiburi, niwaonyeshe rejime ya kweli inavyonunuliwa. Nilirudi na mafungu mawili ya mboga ya lengalenga na samaki mmoja mkavu. Ukipunguza bukari lazima uongeze kitoweo, na kwa franga chache za mfukoni mwetu kilichojaza tumbo ni bukari tu. Siku ya nne tulikuwa tumeirudia sote, na mama pia.

Hospitalini walimkata vidole viwili vya mguu. Baba alipotoka wodini kuchota maji, nilimwambia mama kwamba yote haya yalitokana na kutoelewa neno moja.

"Miye nilielewa," akasema. "Nilikuwa pale. Nilisikiaka docteur muzuri."

"Sasa ulikula ndizi juu ya nini, mama?"

Alitazama mlango aliopitia baba.

"Rejime ya docteur iko ya bantu ba franga. Ya papa yako njo ilifika ku nyumba."