Ulimwengu Unapanukia Wapi

Kidato cha nne nilikuwa kiranja wa lugha. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari majina ya wanaozungumza Kiswahili, Kihehe, Kibena au lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza, na kulipeleka kwa mwalimu wa zamu kila Ijumaa. Nikipeleka daftari tupu, adhabu ilikuwa yangu. Sisemi hivyo kujitetea. Nataka tu ieleweke mambo yalivyokuwa pale shuleni kwetu Mufindi.

Mwenzangu wa dawati alitoka Usangu, kwenye familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini hesabu alizimaliza kabla mimi sijamaliza kunakili swali. Alitaka kusoma fizikia mpaka chuo kikuu. Kwao hakuna msichana aliyewahi kuvuka kidato cha nne, na baba yake alikuwa ameshasema wazi: akifeli, anarudi kuolewa.

Mada ya mwisho ya fizikia ilihusu nyota na ulimwengu. Walimu wengi huiruka kwa sababu muda umekwisha, ila wetu hakuiruka. Alikuja na puto lililobaki kwenye sherehe ya kipaimara ya binti yake, akalitia madoa ya wino, akalipuliza. Kila doa likawa mbali zaidi na mengine yote. Ndivyo ulimwengu unavyopanuka, alisema, tangu mwanzo wake. Sisi tukanakili.

Mwenzangu akasimama. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, watu wakacheka. Akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, hiyo puto inapanuka humu ndani ya darasa. Sasa huo ulimwengu wenyewe unapanukia wapi?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu akasema swali hilo limemzidi, ataenda kuuliza. Sijawahi kumwona mwalimu akifurahi vile. Nami nikafungua daftari, nikaandika jina la mwenzangu. Ningeweza kuliacha, maana wiki ile majina niliyokuwa nayo yalitosha. Niliandika kwa wivu, basi. Nilikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza, na swali kama lile halikuwahi kunijia kichwani.

Ijumaa daftari likaenda kwa mwalimu wa zamu. Jumatatu, kipindi cha fizikia, mwenzangu alikuwa kwenye adhabu nyuma ya bweni, anang'oa kisiki cha mti wa mlingoti kwa jembe butu. Mwalimu wetu hakuwa na habari. Aliingia na karatasi mkononi. Alikuwa amempigia simu mhadhiri wake wa zamani.

"Yuko wapi yule aliyeuliza?"

Wote tukainamia madaftari. Akatazama saa, kisha akatueleza taratibu, tena kwa Kiswahili, kwamba ulimwengu haupanukii mahali popote. Mahali penyewe ndipo panapotanuka, na si lazima pawepo na nje yake. Nilinakili kila neno.

Jioni mwenzangu alirudi viganja vimechubuka. Hata kunawa hakunawa kwanza.

"Mwalimu amesema nini kuhusu swali langu?"

"Hajasema kitu," nikamjibu.

Hakunyoosha mkono tena mpaka tunamaliza shule. Matokeo yalipotoka, mimi niliendelea na masomo, yeye akarudi Usangu. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyemfelisha. Nimejiambia hivyo mara nyingi na haijanisaidia.

Sasa nafundisha fizikia Mbeya. Mwaka jana nilikuwa naenda Kalenga kumwona mama, gari likasimama Nyololo, nikashuka kununua mchele. Muuzaji alikuwa yeye. Tulikumbatiana, akaniuliza habari za nyumbani, akacheka kwamba nimenenepa. Niliona nisipomwambia pale pale sitamwambia kamwe. Nikamwambia yote: jina lake nililoandika kwa wivu, karatasi ya mwalimu, uongo wangu, na lile jibu lenyewe, neno kwa neno kama nilivyolinakili.

Alikuwa ameshika kopo la kupimia. Nilingoja anitukane, na kwa kweli ningeshukuru. Lakini habari za daftari na kisiki hakuzigusa kabisa.

"Kumbe lilikuwa na jibu," alisema. "Ndugu yangu, mimi miaka yote hii nilijua niliuliza ujinga."