Kukubali Ili Uende Nyumbani

Nakumbuka asubuhi niliyoamka katika rumande ya Thika nikiwa nimeshaamua kukubali wizi ambao sikuufanya, na usinicheke, mwanangu, niliamka na furaha. Nilikunywa uji wa siku hiyo kama mtu anayeaga. Kesho yake nilikuwa na korti, na maneno yangu nilikuwa nimeyakariri: ni kweli, mheshimiwa, naomba msamaha.

Ngoja nikueleze nilifikaje hapo, maana vijana wa leo mkisikia mtu aliwahi kuwa ndani mnafikiri alikuwa mwizi. Wakati huo barabara ya Thika ilikuwa bado nyembamba, na mimi nilikuwa kijana mwenye mgongo. Nilitoka kwetu Bungoma kutafuta kazi, nikaipata Ruiru, kwenye stoo moja ya chakula cha ng'ombe na kuku, nikipakia magunia kwenye malori. Jumatatu moja stoo ikafunguliwa, rundo zima la magunia halipo, na kufuli ni zima. Polisi wakatuchukua sisi watatu tuliofunga kazi Jumamosi. Chumbani kwangu wakakuta magunia matupu ya stoo ambayo mke wangu, Nekesa, alikuwa ameyashona kuwa pazia. Kila mpakiaji wa pale alikuwa na pazia la namna hiyo, lakini langu ndilo lililoitwa ushahidi.

Kortini tulikana, tukapewa dhamana. Wenzangu wawili walikuwa watu wa huko huko, wajomba wao wakaja na hati za shamba, wakatoka siku ile ile. Hati ya kwetu ilikuwa na jina la babu, na babu alikufa bila kuligawa shamba. Mgeni hana wajomba, mwanangu. Nikabaki.

Watu husema jela ni mbaya. Lakini mfungwa angalau anajua siku yake ya kutoka, mahabusu hajui. Unapelekwa kortini, unaambiwa shahidi hakufika, unarudishwa. Unapelekwa tena, faili haijaletwa, unarudishwa. Mara nyingine hakimu yuko likizo, na huwezi kumlaumu mtu kwa kupumzika, ingawa mimi nilimlaumu. Kulala tulilala ubavu, na mmoja akitaka kugeuka, seli nzima inageuka. Nekesa alikuja kuniona na mtoto mgongoni, na kila akija alikuwa amekonda zaidi. Siku moja aliniambia kwamba mwenye nyumba amemvumilia vya kutosha, na kwamba akirudi kwao hajui kama atarudi tena Ruiru. Hakulia. Afadhali angelia.

Ndipo wenzangu wa seli wakanipa ile hekima ya rumande ambayo nasikia mpaka leo inatembea humo: kubali. Hili ni kosa lako la kwanza, hakimu atakuonea huruma, atakupa kifungo cha nje, utafagia kwa chifu miezi michache huku ukilala kwako na mke wako. Ukikana utaozea hapa. Wakanitajia fulani na fulani waliokubali wakaenda nyumbani. Mfa maji hukamata maji, nami nikakamata. Nikaomba kortini nisomewe shtaka upya, na Nekesa nikamtumia habari ajiandae.

Katika seli yetu kulikuwa na mzee tuliyemwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Aliletwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba na ndugu yake, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Guka ndiye alikuwa hakimu wa korti yetu ya ndoo. Usishangae. Kila mwenye kesi kesho yake alisimamishwa jioni, tukishahesabiwa, mbele ya Guka aliyekalia ndoo iliyopinduliwa na blanketi begani, aulizwe yale atakayoulizwa kortini. Wengi wetu hatukuwa na wakili, na mtu akiulizwa kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu wa kweli hukauka mdomo. Tulicheka sana katika korti ile. Wako pia waliopata humo majibu yaliyowatoa.

Jioni ya siku ile niliyoamka na furaha, nikasimama mimi. Guka akanisomea shtaka kutoka kichwani, nikasema ni kweli, na seli ikanipigia makofi. Nikaanza kuketi. Guka akaniambia nisimame, bado. Akanieleza kwamba mtu akikubali, mwendesha mashtaka husoma habari yote ya jinsi wizi ulivyofanyika, na hakimu humuuliza kama ndivyo ilivyokuwa, tena anaweza kumuuliza lolote kabla ya kupima adhabu. Kisha akaanza. Magunia yote yale niliyabeba kwa kitu gani? Kwa mkokoteni. Yako wapi? Niliyauza sokoni kwa mtu nisiyemjua. Kila jibu lilikuja kwa urahisi, na nikaanza kujiona mjanja. Akasema kufuli halikuvunjwa, basi nani alinifungulia?

Nikatafuta jibu. Mwenye funguo wikendi alikuwa mmoja tu, soja, yaani mlinzi wa geti, Mzee Musyoka, mtu aliyekuwa akinigawia chai yake kila asubuhi nikifika na baridi.

"Soja," nikasema. "Soja ndiye alinifungulia."

Hakuna aliyepiga makofi. Guka akavua lile blanketi.

"Wee Wafula, huyo mzee ako na watoto?"

Nikamwambia ako nao.

"Basi kesho jioni atakuwa hapa na sisi. Ulituambia unaenda nyumbani. Hukutuambia unaacha mtu kwa nafasi yako."

Nikajitetea kwamba huu ulikuwa mchezo tu, na kwamba kesho nitasema niliokota ufunguo. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshika kisu kwa makali.

"Hiyo uongo yako ni gunia kubwa, kijana. Mtu mmoja hawezi kuibeba. Lazima utaita mwingine ashike ule upande."

Njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni, lakini sikujua ni fupi kiasi hicho. Niliona aibu, na si aibu ya wizi, maana sikuiba. Niliona aibu kwamba jina la mtu mwema lilinitoka kinywani bila kukwama.

Kesho yake Nekesa alikuwa benchi la nyuma, amevaa kitambaa chake cha kanisani, tayari turudi pamoja. Karani akanisomea shtaka upya. Nikasema, "Si kweli, mheshimiwa." Kesi ikaahirishwa, kwa kuwa shahidi hakufika. Nekesa akainuka na mtoto akatoka bila kunitazama, na wiki hiyo akapanda basi kwenda kwao. Sikufichi, mwanangu: ukweli haukunilipa siku ile, wala mwezi ule. Wanaokuambia mkweli hulipwa papo hapo hawajawahi kulala ubavu.

Mambo yalikuja kuisha kimya kimya. Hakimu alichoka kungoja mashahidi, akaifuta kesi, nikaambiwa niende. Hakuna aliyeniomba radhi, na Guka nilimwacha humo humo akingoja siku yake. Kabla ya kumfuata Nekesa nilipitia Ruiru, nikamkuta Mzee Musyoka pale getini. Akainuka, akanishika kwa mikono miwili, akasema walikuwa wakiniombea kanisani kwao. Nilitaka kumweleza nilichokisema, nikashindwa, nikalia mbele yake. Alidhani nalilia rumande. Nekesa naye alinipokea. Si siku ile ile, lakini alinipokea.

Sasa sikia, mwanangu. Ukitenda kosa, likubali mapema, usiwasumbue watu. Hiyo ni heshima. Lakini usilolitenda usilikubali, hata kama unaonyeshwa mlango ulio wazi na watu wako wanakungoja nje. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukiwa na haraka ya kutoka, mtafute mtu asiye na haraka, mwambie unachotaka kusema, naye akuulize mpaka mwisho. Na wewe uliye huru, ukisikia kijana wa kutoka mbali ameshikwa, usianze kwa kuuliza kama ni mwizi. Nenda ukamwone, mpelekee sabuni, na kama una hati ya kumdhamini, fikiria kumdhamini. Mimi sikukaribia kumfunga mtu kwa ubaya. Nilikaribia kumfunga kwa kukosa watu wangu wa kunitoa.

Mungu akuepushe na mahali pale. Ikibidi upite huko, akupe mkali wa kukuhoji na mpole wa kukungoja, na siku utakapotoka, pasiwe na mtu popote aliyeingia kwa sababu yako.