Kijiji Kilichotaka Kuona Nyuso

Nilipohitimu chuo cha kilimo nilipangiwa kazi ya ubwana shamba katika kijiji kimoja upande wa Misungwi. Nilikwenda na pikipiki ya mradi, kofia ngumu moja, na imani kwamba wakulima wakiachiwa kuamua mambo yao wataamua vema. Imani hiyo ilichangia kumuua mwenzangu. Najua ni maneno mazito. Nimejaribu kuyapunguza nikashindwa.

Mwenzangu alikuwa bwana mifugo, mtu wa rika la baba yangu. Hakuwasha pikipiki kabla ya kufunga mkanda wa kofia kidevuni, hata kama anakwenda tu joshoni kuogesha ng'ombe, mahali ambapo ungeweza kumwita akakusikia.

Miaka hiyo biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Pale tulipozoea kukiona chama cha ushirika, walikuja wanunuzi binafsi, na mawakala wao walifika kwa pikipiki, wamevaa kofia zenye vioo vyeusi ambavyo hawakuviinua hata walipokuwa wakipima. Ilipogundulika kwamba mizani ilichezewa, wakulima walikwenda polisi, wakaulizwa huyo mtu anafananaje. Hakuna aliyejua.

"Tumeibiwa na ndoo," mama mmoja alisema mkutanoni, akigusa kichwa chake kuonyesha zile kofia. Watu wakacheka, lakini si kwa furaha.

Mkutano ule ukaazimia kwamba yeyote anayeingia kijijini kwa pikipiki avue kofia darajani, apite uso wazi na kusalimia watu. Mimi ndiye niliyeandika azimio hilo, kwa kuwa nilikuwa katibu.

Bwana mifugo alisimama. "Wazee wangu, shikamooni. Hii yangu haina kioo, mnaniona mpaka ndevu. Na sheria inataka niivae."

"Sheria inakaa kwenye kizuizi cha trafiki, kule mjini," mzee mmoja akamjibu. "Huku tunakaa sisi."

"Mkuu wa wilaya akija unamvulia," akadakia mwingine. "Sisi tuna upele?"

Walimcheka hadi akakaa. Baada ya mkutano nilimfuata, nikamweleza kwa maneno yote niliyofundishwa. "Mzee, wananchi wameamua. Tukijitenga nao, nani atatusikiliza?"

"Chuoni walikufundisha kusikiliza watu, kijana. Walikufundisha na kuanguka?"

"Ni mwendo wa dakika tano tu. Tena polepole."

"Haya. Lakini andika kwamba nilibisha."

Sikuandika. Niliona muhtasari wenye kauli moja ungependeza zaidi wilayani.

Wiki chache baadaye, asubuhi, alivua kofia darajani kama ilivyoamriwa, akaitundika kwenye kiwiko. Karibu na nyumba za kwanza aliinua mkono kuwasalimia wazee, na papo hapo ndama akakatiza njia. Alikuwa akienda polepole kweli, kama nilivyomhakikishia. Barabara ile imepita kati ya majabali, na kichwa chake kiliangukia mojawapo.

Tulimpakia kwenye lori la pamba, nami nikakaa nyuma nimekishika kichwa chake. Kizuizini askari alipanda, akachungulia.

"Kofia yake iko wapi?"

Nikamwonyesha. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Sasa alikuwa anaibeba ya nini?"

Jibu nililokuwa nalo lisingeeleweka mjini. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Msibani, nyumbani kwake Ilemela, kijiji kilikodi gari kikaja. Mzee aliyesema kwa niaba yao alimsifu marehemu kwa moyo safi: alikuwa mtu wa heshima, tangu azimio lile hakupata kuwapita na kofia kichwani. Mjane aliinua uso, akanigeukia.

"Shemeji, nani alimwambia avue?"

"Mkutano," nilijibu. Ulikuwa ukweli, na ulikuwa woga.

Mkutano uliofuata niliomba azimio lifutwe. Nilizungumza kwa kirefu, na walinisikiliza kwa utulivu ulionipa matumaini.

"Mwanetu," mwenyekiti akasema, "aliyemwangusha ni ndama. Tukifuta hilo, si tutakuwa tumekiri kwamba tulimuua?"

Mikono ikainuliwa, azimio likabaki.

Kesho yake nilipita darajani nimevaa kofia, jambo ambalo ningepaswa kulifanya yeye akiwa hai, nikiwa kando yake. Nilisalimia nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeitikia. Shamba la mfano nililofundishia likakosa watu, na mwezi haukuisha kijiji kikaomba bwana shamba mwingine, asiye na majivuno. Ofisi ikawapa, mimi nikahamishiwa kwenye makaratasi, Nyamagana.

Aliyechukua nafasi yangu ametoka chuo kilekile. Nilimwandikia barua ndefu nikimsihi asivue kofia, nikamweleza yote, hata yale ya kunifedhehesha. Alinijibu kwa adabu kubwa, akanishukuru kwa ushauri, akaongeza kwamba wananchi wa kule wamempokea vizuri sana.