Cheti cha Kuipenda Kazi

Mkuu mpya wa ofisi yetu ya usajili wa raia, pale Butembo, alishuka kwenye gari la jipi kutoka Beni na maneno mawili mdomoni: upendo na kazi. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Beni ilikuwa makao ya utawala wa waasi, na kila aliyepewa cheo huko alipewa pia, sijui kutoka ghala gani, uhakika kwamba watumishi wa Butembo wamelala. Kabla ya vita alikuwa kiongozi wa kwaya. Silisemi hilo kwa kuidharau kwaya. Nalisema kwa sababu lilionekana siku ile ile.

Tulikuwa watumishi sita. Kila asubuhi alitupanga uani kwa sauti zetu, nyembamba mbele, nzito nyuma. Mimi, niliyetunza vitabu vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo kwa miaka kumi na tisa, nikawekwa nyuma.

"Munapenda kazi?" aliuliza, mikono hewani.

"Tunapenda!"

"Minasikia Bakatoliki tu. Baprotestanti bako wapi?"

"Baprotestanti banapenda mu roho, chef," alijibu mama aliyepiga mashine ya kuandikia, mke wa shemasi. "Hapana na makelele."

Mwezi wake wa pili alitangaza kwamba kila mtumishi atapewa cheti cha kuipenda kazi, na nakala zenye fremu zitapelekwa Beni ili wakubwa waone matunda ya uongozi wake. Karatasi ya ofisi ilikuwa imekwisha, na ile ya madukani aliiona nyembamba, haina heshima. Ndipo macho yake yakaangukia vitabu vyangu. Kila mwaka una kitabu chake cha ndoa, na mwaka ukifungwa, kurasa zilizobaki huachwa nyeupe: karatasi nene, ya zamani, isiyopatikana tena.

Nikamwendea na kitabu mkononi, nimekifungua ili aone.

"Chef, hii kitabu ilishonwa. Karatasi moja inakunjwa katikati. Nusu ya nyuma iko nyeupe, mais nusu ya mbele iko na ndoa ya batu. Ukipasula ya nyuma, ya mbele hapana na kitu ya kuishika."

"Mzee, weye uko mutu wa kukataa tu. Nyeupe ni nyeupe. Donc, pasula."

Sikupasua. Alipasua mwenyewe, kwa rula, akiimba kwa sauti ya chini. Kurasa za mbele zilipoanza kudondoka, aliagiza ziokotwe, na kwa kuwa zilikuwa ngumu na safi, zikatumika kuzifunga zile fremu za Beni zisipasuke vioo njiani. Cheti cha kwanza kilikuwa changu. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Kilisema kwamba nimeonyesha moyo wa kujali kazi kupita wenzangu. Niliitambua karatasi yenyewe: ilikuwa na pembe iliyogugunwa na panya mwaka ule paa lilipovuja.

Wiki tatu baadaye alikuja mjane mmoja, muuzaji wa maharagwe kutoka Musienene. Mume wake alikuwa amemwachia nyumba Butembo. Sasa mashemeji walidai hakuolewa kisheria, na hakimu alikuwa ameamuru kitabu cha ndoa kifikishwe mbele yake Alhamisi. Pasipo ukurasa wake, angetolewa nje na vyombo vyake.

Nikafungua kitabu cha mwaka wake. Aliolewa Desemba, baada ya mavuno. Kitabu kiliishia Novemba.

"Papa," aliuliza, akiifuata kalamu yangu kwa macho, "niko wapi?"

"Mama, uko Beni."

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika utumishi wangu: niliondoka kazini bila ruhusa. Mama wa mashine alinifuata. "Weye peke yako utaongea Kifaransa na baaskari, batakufunga," alisema. Tulipanda kamyo iliyobeba mbao kwenda Beni. Kwenye kizuizi askari alidai karatasi ya safari, nami sikuwa nayo. Mwenzangu akatoa kwenye mkoba cheti chake cha kuipenda kazi.

"Hii ni ordre de mission?"

"Hauone cachet?"

Askari aliutazama mhuri mkubwa mwekundu, akasimama wima. "Bon. Leka, mama," alisema, akatufungulia njia.

Hiyo ndiyo faida pekee ya vyeti vile ninayoweza kuithibitisha.

Kufika Beni tuliulizia maofisini: fremu hazikuwa zimefika kwa mkubwa yeyote. Zilikuwa nyumbani kwa mkuu wetu, palepale Beni, mtaani Bungulu, zimepangwa sebuleni, na yake katikati, kubwa kuliko zote. Mke wake alitupokea vizuri, akatupa chai.

"Zile karatasi? Zilikuwa nguvu, nilizitandika mu kabati."

Tukahamisha vikombe kimoja kimoja. Chini yake walikuwa wamelala mabwana harusi na mabibi harusi wa Desemba za miaka minane. Ukurasa wa mjane ulikuwa na duara la chai, lakini majina na sahihi zote zilisomeka.

Alhamisi hakimu aliuliza kwa nini ukurasa umetengana na kitabu. Nilijibu nilichoulizwa.

"Mheshimiwa, kitabu kilipasuliwa ili tupewe vyeti vya kuipenda kazi."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliuweka ukurasa mahali pake, akaona namba zinaendelea pale zilipokatika, akampa mjane nyumba yake. Mashemeji walitoka bila kuaga. "Wasingya, papa," alinishukuru mjane mlangoni kwa lugha ya kwetu, akaenda kuwahi soko.

Nilipewa barua ya lawama kwa kuacha kazi. Niliisaini na kuiweka mwenyewe kwenye faili langu, kwa kuwa lawama ilikuwa ya haki. Kisha mimi na mama wa mashine tukaanza kubaki kila alasiri, tukishona kurasa kwa uzi wa fundi viatu. Siku ya tatu mkuu alisimama mlangoni, uso unang'aa.

"Munaona! Batu banabaki bureau bila mutu kubalazimisha. Njo matunda ya kazi yangu."

"Njo vile, chef," alisema mama wa mashine, sindano ikiwa kati ya meno. "Sasa ingia, shika hapa, kitabu isitembee."

Aliingia, akashika. Baada ya dakika chache aliuliza vimebaki vingapi.

"Saba."

Akaitazama saa yake, akakumbuka kwamba anangojwa mtaani Rughenda.