Kiraka Nilichokikalia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikanibana mpaka jioni. Kituo chetu cha utafiti wa afya hapa Ifakara kilikuwa bado kinaandika kila kitu kwenye karatasi. Afisa Takwimu Mkuu, mzee wa Kipogoro asiyependa maneno mengi, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanisogezea rundo la fomu za kaya. "Kila fomu inaingizwa na makarani wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake," akasema. "Halafu tunalinganisha. Mkitofautiana, mnarudi kwenye karatasi. Hapa hakuna kubahatisha, binti."

Nilipanda polepole, kutoka karani hadi msimamizi wa kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za watu wote tuliokuwa tunawafuatilia bondeni. Karatasi zikaondoka, vikaja vishikwambi. Wahojaji walizunguka kwa pikipiki Lumemo, Kibaoni, hadi Mkula, na kazi yangu ikawa kuunganisha walichokusanya kiwe daftari moja. Nikajifunza kuandika skripti, yale maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine. Skripti zangu zote ziliegemea chombo kimoja cha programu huria. Huria maana yake msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Chombo hicho kilikuwa kinamtafuta mtu aliyeandikwa mara mbili na kumbakiza mara moja. Kilikuwa kizuri jamani, sikatai. Kazi ya wiki nzima kiliimaliza kabla chai haijapoa.

Kwenye daftari hilo ndiko tulikotoa orodha ya watoto wa kuitwa kliniki kwa dozi za kinga ya malaria. Asubuhi moja akaingia ofisini mama wa Kisukuma na watoto wake wawili, amenuna.

"Nimepigiwa simu nimlete Kulwa," akasema. "Doto je? Huyu si mtoto?"

Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Nilifungua daftari. Doto hayumo. Nikatafuta mapacha wengine wa Kisukuma: Kulwa yupo, Doto hayupo. Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Mapacha wa jirani yangu, Hassani na Husseni, walikuwepo wote wawili. Baada ya kujaribu sana nikaelewa. Chombo kilitakiwa kulinganisha majina kwanza, lakini jina fupi, la herufi tano kushuka chini, kilikuwa kinaliruka na kutazama mama na tarehe ya kuzaliwa tu. Kwa hiyo Kulwa na Doto kiliwaona mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, kikamfuta wa pili. Na Doto siku zote ni wa pili.

Nikaandika ripoti ya hitilafu kwa mtunzaji, yule anayekilea chombo huko mtandaoni. Niliandika kama ninavyomwandikia mtu mzima. Nikamsalimu, nikamuulizia familia, nikamshukuru kwa kazi yake, nikamweleza Ifakara iko wapi. Tatizo lenyewe likaja aya ya mwisho. Kimya. Wiki zikapita, kisha roboti, programu inayojiendesha yenyewe, ikaandika kwamba ripoti imefungwa kwa kuwa haina mazungumzo. Haina mazungumzo! Nizungumze na nani, na nilikuwa nimeachwa peke yangu? Nikaandika tena, safari hii salamu hakuna, ni ukali mtupu. Hapo akajibu: "Kazi hii naifanya bure nikitoka kazini kwangu. Nitumie mfano mfupi unaoonyesha kosa." Nilisonya, nikafunga ukurasa.

Meneja wa Data, mwanamama tuliyekuwa tunamwogopa na kumpenda, alinikuta nimefura. "Wewe si unasema msimbo uko wazi?" akaniuliza. "Sasa unasubiri nani akufungulie?"

Niliusoma siku tatu. Kosa lilikuwa mstari mmoja. Nikalirekebisha kwenye seva yetu. Marekebisho ya namna hiyo tunayaita kiraka. Madoto wote wakarudi kwenye daftari, nikampigia yule mama mwenyewe nikamwambia nimeshatengeneza, mlete.

"Mtumie na mwenye chombo," Meneja akasema.

"Nimtumie? Yeye alinijali lini? Akae nalo kosa lake."

"Haya mama. Unamkomoa mtu hata sura yake huijui."

Nikamjibu nitatuma nikipata nafasi. Nafasi sikuitafuta. Niseme ukweli tu, niliona raha kuwa na kitu ambacho yeye hana. Hata kwenye kumbukumbu za ofisi sikukiandika.

Baadaye nikahamishiwa ofisi yetu ya Mkula. Aliyenipokea kazi makao makuu akaweka toleo jipya la chombo, kama inavyotakiwa. Toleo jipya likaandikwa juu ya lile la zamani, na kiraka changu kikaenda nalo. Angejuaje? Nilikijua mimi tu.

Mama Kulwa alinifuata hadi Mkula. Safari hii hakununa, na hilo ndilo lililonitisha. "Kulwa aliitwa dozi ya mwisho," akasema. "Nikajua ya Doto inafuata, maana ulisema umetengeneza. Doto amelazwa siku tisa. Malaria imempanda kichwani."

"Nilitengeneza, mama," nikasema.

"Sasa?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Doto alipona, Mungu mkubwa, lakini si kwa jitihada zangu.

Siku hiyo hiyo nikatunga mfano wa watoto wawili wa kubuni, mistari michache tu, nikautuma pamoja na kiraka. Mtunzaji alikipokea kabla jua halijazama. Akanishukuru, akasema watu wa nchi nyingine wamekuwa wakimlalamikia jambo hilo hilo naye hakujua pa kulishika. Kisha akauliza, bila ubaya wowote: "Umekuwa nacho tangu lini?"

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisini bado wananijia na hasira zao: mama, hawa watu wa programu za bure hawajibu, wanafunga ripoti zetu, wanatudharau. Nawaambia ni kweli, inaudhi, hata mimi niliudhika na nilikuwa na haki. Halafu wananiuliza nilimjibu nini yule mtunzaji. Sikumjibu. Nilianza kuandika mara nyingi, nikafuta. Nilikuwa nacho tangu Doto hajaota meno. Alipolazwa, alikuwa anatembea na anaita mama.