Glasi ya Maji ya Fundi Barafu

Mdogo wangu ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Barafu. Ukimpelekea friji mbovu, hakurudishii mpaka aweke glasi ya maji ndani na maji yagande ukiona kwa macho yako. Taa ikiwaka, haamini. Mota ikinguruma, haamini. Wateja wanakaa kwenye benchi la karakana wakipiga miayo, na yeye wala hana habari nao, anafuta bisibisi zake.

Mimi ni dada yake mkubwa. Mke wake alipofariki nilihamia kwake na cherehani yangu, tukamlea binti yao. Wakati huo mtoto hata kufunga kamba za viatu hajui. Sasa amemaliza sekondari, kafaulu vizuri, na anachotaka ni kimoja: asome uuguzi, kisha akafanye kazi ng'ambo. Kachimba kila kitu, leseni ataombaje, mtihani gani wanataka, uzoefu wa miaka mingapi. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga uwanja wa ndege nimeyajua yote kwa kuyasikia nikishona.

Baba yake akasema sheria. Basi ikawa sheria asubuhi, sheria jioni. "Mwanangu, wakili anaheshimika popote. Kama unataka ng'ambo, pitia sheria." Mtoto ana adabu zake. Kwenye maombi ya chuo akajaza sheria chaguo la kwanza, uuguzi akausukuma la tatu, halafu akaingia chumbani kulia akidhani sisikii. Nilikasirika, lakini nikaendelea kushona.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha machaguo. Mfumo wa maombi ungefungwa saa kumi na moja jioni. Mchana nilimpelekea mdogo wangu chakula, nikamkuta mteja wake mmoja, mama wakili, akipakia friji yake kwenye gari.

"Vipi, yule binti wa ng'ambo ameamua nini?" akaniuliza. "Maana nilishamwambia Fundi tangu mwezi uliopita. Sheria ya hapa inaishia hapa hapa. Ukihama nayo, unaanza kusoma upya. Uuguzi afadhali, atafanya mtihani wao, lakini kazi ni ile ile."

Tangu mwezi uliopita! Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya friji nyingine, eti anakagua kitu.

Sikumwaibisha mbele ya mteja. Nilirudi nyumbani, nikamshika binti mkono mpaka karakana, nikamwambia, "Haya, sema."

"Baba, naomba ruhusa nibadilishe. Niweke uuguzi kwanza."

Barafu akainuka. Alijaza glasi maji, akaiweka kwenye friji iliyokuwa kando ya ukuta, akafunga mlango. "Hii nimeimaliza leo. Kaeni. Maji yakiganda nitakupa jibu."

Ilikuwa saa nane. Tukakaa. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita, binti anatazama simu, anatazama mlango wa friji, machozi yanamlengalenga. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikainuka, nikafungua, nikatia kidole kwenye glasi. Maji ya uvuguvugu! Nikaufuata waya nyuma ya friji. Plagi ilikuwa sakafuni.

"Wewe mwanamume!" nilipiga kelele. "Miaka ishirini na mbili ya ufundi, leo umesahau umeme?"

"Sijasahau, Dada."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mikono yake. "Nilijua sheria itambakisha. Akienda, mimi nitarudi kwenye nyumba gani?"

Nilitaka kumwuliza kama mimi ni kabati humo ndani. Nilipouona uso wake, nikarudi kukaa kwenye benchi.

"Si ungeniambia tu nibaki, Baba?" binti akasema.

"Ungebaki."

"Ndiyo, ningebaki."

"Ndiyo maana nilishindwa kukuambia. Nilitaka ubaki, na nisiwe mimi niliyekuzuia." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nimekukosea, mwanangu. Lete simu."

Ilibaki robo saa. Binti alimwonyesha pa kubonyeza, kidole cha baba yake chenye grisi kikachafua kioo chote, lakini aliuvuta uuguzi mwenyewe kutoka la tatu hadi la kwanza. Akabonyeza kuthibitisha. Ujumbe ulipoingia aliusoma mara mbili, kwa sauti, neno kwa neno.

Kisha akainama nyuma ya friji, akachomeka plagi. Mota ikaanza kunguruma.

"Baba, jibu si umeshanipa?" binti akamwuliza, akicheka huku analia.

"Nimekupa," alisema, akaja kukaa katikati yetu kwenye benchi. "Lakini maji bado hayajaganda. Kaeni kidogo."

Tukakaa.