Shimo la Madamu wa Baiolojia

Kiherehere kitaniua, nakiri. Mafuriko yalipopungua hapa Mazwi, Sumbawanga, sote tulikuwa tunakomba tope ndani kwa ndoo. Jirani yetu, madamu wetu wa Baiolojia aliyehamia kutoka Mbeya, yeye alivaa glavu, barakoa na mabuti. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia mfuko mweusi, akanyunyiza unga mweupe juu.

Mtu wa Sumbawanga, mji uliovuma kwa uchawi, ukiona hivyo, unasubiri uelezwe nini tena? Nikamkimbilia balozi wa mtaa.

“Shikamoo mzee. Madamu anatuloga!”

“Marahaba. Una uhakika?”

“Kwa macho yangu haya.”

Majirani wakajaa. “Arudi kwao leo leo!” Lakini kugusa lile shimo, kila mtu alimtazama mwenzake. Nikajitosa mimi shujaa, mikono mitupu, nikafukua, nikauvuta mfuko. Ukapasuka, samaki waliooza wakanimwagikia kifuani.

Madamu akatokea na ndoo ya klorini.

“Hao ni migebuka wangu wa Kabwe. Wamelowa maji ya vyoo, nikawafukia na chokaa mbwa wasiwale. Nani kakutuma uwakumbatie?”

Balozi akamgeukia mama yangu. “Huyu si kijana wako?”

Mama akaziba pua. “Mimi? Simjui.”